Alizeti za Josho la Zamani

Siku yangu ya kwanza kazini katika kituo cha kutunza udongo, Mkuu wa Kituo hakunipa kiti. Alinipa glavu na ndoo, akanipeleka ng'ambo ya Longisa kwenye josho lililoachwa, ambako ng'ombe walikuwa wakiogeshwa kwa dawa ya kupe yenye aseniki. Aseniki ni sumu isiyooza. Josho lilikuwa limebomoka zamani, lakini sumu ilikuwa bado udongoni, na malisho ya Mzee arap Sang yalianzia pale pale.

"Hapa hatuchimbi," Mkuu akasema. "Tunapanda."

Basi tukapanda alizeti, na kando yake kangaga, mmea wa kingo za mito wenye majani kama manyoya. Mizizi hunyonya sumu, ikapanda hadi majanini. Kazi haiishii hapo, ingawa vijana wa siku hizi hupiga picha ya maua wakaenda zao. Mmea ukikomaa unaukata, unaufukia kwenye shimo la saruji, kisha unapanda tena, mwaka baada ya mwaka.

Kiangazi kikaja kibaya. Nyasi zikakauka kote, zikabaki alizeti zetu tu, mbichi nyuma ya seng'enge. Asubuhi moja arap Sang akaja ofisini ameshika nyasi mkononi. Mkuu, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, alidhani ni sampuli, akamwonyesha meza ya kuiweka. Mimi nilishtuka. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakafungua duka Roret, na huko nililelewa nikijua kwamba Mkipsigis akikujia na nyasi mkononi, humkatalii.

"Msichana wa Roret, ambia mkubwa wako," mzee akasema. "Ng'ombe yangu inalia na nyinyi mnazika chakula. Mimi naomba hiyo majani."

"Mwambie haiwezekani," Mkuu akajibu, akaingia stoo.

Nikaachwa naye. Niliogopa, kwa sababu wajukuu wake walitegemea maziwa ya ng'ombe huyo. Nikatoka nje, nikang'oa nyasi chache penye ua wa ofisi, nikarudi nikampa kwa mikono miwili.

"Baba, na mimi naomba. Sumu tumetoa kwa udongo iko kwa hayo majani. Ng'ombe akikula, watoto watakunywa."

 Kisha akapokea nyasi zangu, akaniachia zake.

"Umenifunga mkono," akasema.

Wiki hiyo alimpeleka ng'ombe wake sokoni Bomet. Nililia, na sioni aibu kusema. Tangu hapo alikuja kila mavuno kutusaidia kukata, akitupa majani mabichi shimoni huku ameangalia kando.

Nilihamishiwa Roret, kisha Bomet mjini, chini ya wakuu wapole na wakuu wa makelele. Kila nilipopata nafasi nilirudi kupima udongo ule. Mkuu wa mwisho, binti mdogo kuliko wanangu, ndiye aliyenisomea majibu mwezi niliostaafu: udongo ulikuwa safi. Arap Sang alikuwa ameshazikwa.

Nilikwenda mwenyewe kuwaambia watu wa boma lake. Seng'enge ilikuwa imeondolewa, nyasi zimejaa. Mkaza mwana wa mzee alikuwa amesimama ukingoni na mtamba, kamba imezungushwa mkononi, ananiangalia.

"Mwachilie ale," nikamwambia.