Nilimnyamazia Ami, Fedha za Nyumba Yangu Zikawa za Sherehe

Mwenye kisa hiki tunamjua, na jina lake litabaki hapa gazetini, mezani petu. Msiulizane ni nani. Mjibuni.

Nyumba yangu ilibomolewa Jumatatu ya pili ya mwezi wa mfungo tano, baina ya chai ya asubuhi na adhuhuri. Vyumba vinne, ukumbi, na ua wenye choo cha mawe. Sikulipwa hata pesa moja.

Nina miaka arubaini na miwili, mke mmoja na watoto watatu, na kazi yangu ni ufundi wa boriti na makuti. Sikurithi kitu. Nilianza kwa kubeba boriti mabegani kutoka forodhani, msumeno nikajifunza kwa kutazama wenzangu, na nyumba ile ilinichukua miaka sita na rupia mia tatu sitini na nne. Najua kwa sababu kila msumari niliuandika.

Kiwanja si changu. Wenyeji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa: mtu hujenga juu ya mchanga wa mwingine, akalipa kodi ya kiwanja, na nyumba ikawa yake ya kuuza na kurithisha. Mwenye kiwanja changu ni ami yake mke wangu, nduguye babake, mtu mzima wa heshima, na ni mmoja wa wazee waliotiwa katika kamati ya mji. Miaka kumi na mmoja nimempelekea rupia yake kila mwezi ukiandama, na karatasi hatujapeana. Ningemdai ami karatasi kwa uso gani?

Barabara mpya ilipokusudiwa, alikuja Mzungu wa kupima na mnyororo wake, pamoja na karani. Akauliza mlangoni pangu, hapa ni pa nani? Ami alikuwapo. Akajibu, "Hapa pangu." Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, mikono mbele, nikanyamaza. Mnaosoma huko bara mtaniona mjinga. Kwetu sisi mkubwa akishajibu mbele ya mgeni, mdogo haongezi neno; akiongeza amemvunjia. Nikasema moyoni, anakusudia kiwanja, habari ya nyumba ataisawazisha baadaye. Karani akaandika, wakenda kwa jirani, na jirani naye akamnyamazia mwenye kiwanja wake. Nyumba saba, wote tukawa na adabu siku moja.

Makadirio ya fedha za mji yaliposomwa barazani nilikuwa mlangoni nikisikiliza. Barabara, rupia elfu mbili na mia nne. Fidia ya nyumba na viwanja, elfu moja na mia nane. Sherehe ya kumpokea mgeni wa serikali, mia tatu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama watoto kuwa safari hii tutajenga kwa mawe.

Miezi miwili baadaye yakarekebishwa. Mgeni, walisema, ni mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Pawe na matao, taa na fataki, na barabara ipanuliwe gari lake lipite vizuri. Barabara ikawa elfu mbili na mia tisa. Sherehe, elfu moja na mia moja. Fidia ikabaki mia tano, ya viwanja tu. Jumla ni ile ile, elfu nne na mia tano, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Mimi nilishtuka. Nilimwendea karani, akanifungulia daftari. Njia nzima pameandikwa majina ya wenye viwanja, na mahali pa mwenye nyumba ni patupu. Akasema kamati iliuliza fedha za nyumba ni za nani, zikaonekana hazina mwenyewe, basi zikahamishwa kwa kunyosha mikono. Nikamwuliza kama ami alinyosha. Akafunga daftari, akaniomba nisimtie katika maneno ya watu.

Nikenda kwa ami. Tukaamkiana, akaniuliza hali za watoto, ikaja kahawa. Nilipofika kwenye neno lenyewe alinitazama kama mwalimu amtazamaye mtoto aliyekosea alifu.

"Mwanangu, barabara imepita juu ya mchanga. Makuti yako ungeyachukua."

"Nilikunyamazia kwa heshima, ami."

"Na heshima yako nimeiona," akasema, akanisogezea kikombe.

Sasa tuko Majengo, watu watano katika chumba kimoja cha kupanga. Mke wangu hamsemi ami yake, ananisema mimi. "Ulimi wa kugombana na mwashi kwa pesa mbili za chokaa unao," aliniambia jana. "Siku ya nyumba yako uliuweka wapi?"

Lililonifanya niandike ni hili. Juzi ami alikuja mwenyewe Majengo. Kamati inataka tao kubwa la boriti na makuti mwanzo wa barabara mpya, na fundi aliyetajwa ni mimi, kwa rupia tisini. Nilikwenda kupapima kwa hatua. Nguzo ya kulia itachimbiwa palipokuwa chumba cha wanangu. Na mkataba una mstari wa mwisho niliousoma mara tatu: kwamba fundi hana dai lolote juu ya kamati, la sasa wala la nyuma. Tisini ni robo ya nyumba yangu kasoro rupia moja.

Wenzangu sita wameandika malalamiko kwa mkubwa wa serikali, wananingoja mimi, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyeweka hesabu ya ujenzi. Nikitia sahihi kwa ami, dai lao limekufa. Nikitia kwao, nitasimama mbele ya Wazungu nimwite ami mwongo, na mke wangu, pamoja na maneno yake yote, ameshaniambia kuwa hatakubali kutengwa na watu wake. Kazi nyingine sina, na chakula cha ndani ni cha siku tisa.

Ami atakuja Ijumaa na wino wake. Ukurasa huu hutoka Jumatano. Msiniambie nisubiri, subira ndiyo iliyonileta chumba hiki, na mithali nazijua zote. Nataka neno moja kutoka kwenu kabla ya adhana ya adhuhuri ya Ijumaa: sahihi yangu niitie kwa ami, au kwa wenzangu?