Bilauri ya Maji ya Chokaa

Siku ya kumi ya Ramadhani ile sikutia kitu kinywani mchana kutwa, na mpaka leo siihesabu kuwa nilifunga.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Wambaa kwa likizo, kutoka skuli ya sekondari Unguja. Vita vya ng'ambo vilikuwa bado havijaisha, sukari ya kupimiwa, uji wa futari tukiunywa na chumvi. Skuli mimi ni mtu wa kukaa nyuma. Mwalimu akiniuliza, jawabu ninalo, ulimi ndio haunyanyuki. Nyumbani nilitaka, japo mara moja, niwe mtu wa kusikilizwa.

Basi nilichota chokaa katika kijaluba cha tambuu cha bibi, nikaikoroga kwa maji, nikaiacha ilale. Asubuhi ilikuwa imeshuka chini, juu yamebaki maji maangavu. Nikayamimina taratibu kwenye bilauri, nikakata bua la jani la mpapai liwe mrija.

Mwalimu alitufundisha kwamba pumzi tunayoitoa ina gesi, na gesi hiyo ikikutana na maji ya chokaa huyageuza meupe kama tui. Pumzi ya mtu yeyote. Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema baada ya alasiri, barazani kwetu, watoto wa jirani wakingoja jua lizame. Lakini nilikuwa nimefika tu kwenye kupuliza na maji kugeuka meupe, mmoja wao, hodari wa mzaha, akaniwahi.

"Maji hayo ya kukamatia makobe, eti?"

Kobe kwetu ni mtu anayekula kwa kujificha mchana wa Ramadhani. Wote wakacheka, wakanigeukia. Macho yote yale, kwangu! Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

"Nipe mie mwanzo," akasema mdogo wangu, binti wa mjomba, tuliyelelewa naye nyumba moja. Alikuwa na miaka tisa, na ule ndio mwaka wake wa kwanza kufunga mfululizo. Bibi alikwisha kumtangaza mtaa mzima, na kwa sababu hiyo alikuwa akifuturu kwenye sinia la watu wazima, ubavuni pa bibi. Alipuliza bila wasiwasi, akinitazama kwa kuniamini.

Maji yakawa meupe.

"Kobe! Kobe huyo!"

"Wallahi sijala! Kaka, waambie!"

Nilikuwa na la kuwaambia. Nikaitazama bilauri. Bibi alitoka ndani kwa kelele zile, akaelezwa, akaniuliza mimi, "Ndivyo walivyokufundisha skuli?"

Nikasema, "Yanageuka, bibi." Uongo haukuwamo katika maneno yale, na ndiyo maana yananichoma zaidi.

"Basi mwanangu," bibi akamwambia yule mtoto, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi, "leo utafuturu na wadogo."

Hakufuturu na wadogo. Alikunywa maji jikoni, peke yake, akalala. Mimi nilikaa kwenye sinia la wakubwa, tende mkononi, haimezeki. Baadaye nilifungua daftari langu niandike kama tulivyozoeshwa. Nilichofanya: nikaandika. Nilichoona: nikaandika. Jambo nililojifunza: nikaifunga kalamu.

Kesho yake, alasiri, niliyatoa yale maji maangavu yaliyosalia juu ya chokaa. Baraza ilijaa kuliko jana, kila mmoja anataka kumwona kobe wa pili. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima, ikapotea yote. Nikachukua mrija nikapuliza mwenyewe. Yakawa meupe.

"Aa! Kumbe kobe mkubwa weye!" akapiga kelele yule wa mzaha. "Msomi na mkate wake mfukoni!"

Wakacheka mpaka wakaegemeana. Uso uliniwaka. Nikamimina maji mengine, nikaenda nayo hadi kwa bibi mlangoni.

"Puliza, bibi. Tafadhali. Usivute tu."

Akaipokea bilauri. Kisha akainama, akapuliza kidogo, kama anayepoza uji. Meupe, tena mazito kuliko yangu.

Hakuna aliyecheka.

"Mie nami kobe?" bibi akauliza.

"Yanageuka kwa kila mtu, bibi. Mwenye swaumu na asiyekuwa nayo. Ni pumzi tu."

"Na jana ulijua?"

"Nilijua."

Akaniwekea bilauri mkononi. "Kumbe huko skuli mnajifunza na kunyamaza."

Jioni ile bibi alikwenda mwenyewe jikoni, akarudi amemshika mkono mdogo wangu, akamkalisha mahali pake. Akamwambia mbele ya wote, "Niwie radhi, mwanangu. Niliyaamini maji, sikukuamini wewe." Mtoto akaitikia kwa sauti ndogo. Mimi bibi hakuniondoa kwenye sinia la wakubwa. Niliinuka mwenyewe nikahamia sinia la wadogo, nikafuturu huko mpaka mwezi ulipoandama, na hata mara moja mdogo wangu hakugeuka kuniita kaka.

Daftari ninalo. Mstari ule wa tatu ni mtupu hadi leo.