Nyumba ya Msiba Inacheka

Tawakali hakuwa mwanamke wa kukaa. Tangu alipotolewa kijijini Tingi kuja kuolewa Kilwa Masoko, kwa miaka ishirini na saba jua lilimkuta njiani na beseni la vitumbua kichwani, na hakuna mtu sokoni aliyewahi kununua kwake akaondoka bila kucheka.

Yunusu mumewe, fundi baiskeli, alifariki mwezi wa pili. Siku hiyohiyo Tawakali akaingia eda: miezi minne na siku kumi bila kuvuka kizingiti, bila wanja wala manukato. Hakuwa na kinyongo na eda. Ni amri ya Mungu, na mumewe alikuwa mtu mwema. Lakini miguu haijui amri. Kila alfajiri ilimwamsha, ikamfikisha uani, ikakutana na ukuta, ikamrudisha.

Watu wazima waliokuja kumwona walikuja na neno moja tu: pole. Waliomletea maneno mengine walikuwa wawili. Naziya, wa miaka mitano, alikuwa mjukuu wa Khatijabai mwenye duka la vitambaa. Valentini, wa miaka minne, alikuwa mtoto wa mpangaji Mmakonde wa nyumba ya pili. Walipita mlango wa uani bila hodi, wakalikuta beseni la vitumbua limelala bure, wakalijaza maji.

"Bi Tawakali, msumari mdogo umezama, ndala kubwa inaelea," Naziya alilalamika kama aliyedhulumiwa.

"Msumari hajui kuogelea," akasema Valentini.

Wakatia kifuu, kijiko, gome la mkorosho. Wakafunga sukari kwenye kitambaa, kwenye karatasi na kwenye kipande cha tyubu ya baiskeli, wakaichovya kuona ipi itabaki kavu. Ya kwenye tyubu ilibaki, wakailamba. Chuma cha vitumbua kilikwenda chini moja kwa moja, lakini sufuria ikaelea. Naziya akaduwaa. Valentini akachungulia ndani ya sufuria.

"Ina tumbo tupu," akasema.

"Basi na mimi leo sizami," Tawakali akajibu. "Sijala tangu asubuhi."

Watoto wakaangua kicheko, naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kicheko kile kiliruka ukuta. Jioni Somoe, dada wa marehemu, aliyehamia pale ili kumtumikia wifi yake, alirudi kutoka kisimani uso umekunjamana.

"Wifi, unajua watu wanasemaje huko? Nyumba ya msiba inacheka."

"Ni watoto, wifi."

"Watoto hawana sauti ya mwanamke mzima."

Akautia mlango wa uani komeo na kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Tawakali angeweza kujibu. Lakini Somoe ndiye anayeteka maji, ndiye anayeleta dagaa, na yule aliyelala makaburini alikuwa nduguye wa tumbo moja. Kwa siku tatu alikaa na beseni lake kavu, akisikia vidole vikikwaruza mlango.

"Bi Tawakali! Upo?"

"Nipo."

Na angekuwa wapi?

Siku ya nne mvua ya masika ilishuka. Maji ya uani yakakimbilia tundu lililo chini ya ukuta, upana wa ngumi, yakatokea kichochoroni. Tawakali alilitazama tundu lile kwa muda. Akatia kifuu, kikakwama. Akakichomoa, akakata kisigino cha ndala kuukuu, akakiachia.

Halafu kutoka nje: "Kimetoka! Naziya, kimetoka!"

Akakunja boti ya karatasi, akaituma.

"Imekunywa maji," Valentini akatangaza. "Imelala."

Ya pili aliisugua kwa mshumaa pande zote mpaka ikang'aa.

"Hii hailowi! Imepita kwa muuza ukwaju... imemkwepa mbuzi... Bi Tawakali, inakwenda barabarani!"

Tawakali alisimama mvuani, kanga zimemganda, akiuona mtaa kwa midomo ya watoto. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Somoe akatokea. Alikunja gunia, akalisukumiza tunduni. Maji yakapunguza mwendo, yakaendelea kuchuruzika.

"Gunia linapitisha!" Valentini, jicho tunduni, akapiga kelele kutoka nje. "Tia mpira!"

Mtoto hakujua anamfundisha nani. Somoe aliingia ndani, akatoka na tyubu kutoka sanduku la kazi la marehemu, akalichomoa gunia, akalizungushia mpira huo, akalishindilia kwa kisigino. Halikupita tena hata tone.

Mvua haikuwa na habari. Maji yakafunika jiwe la kufulia, yakanyanyua beseni, yakafika kwenye kizingiti cha jiko penye mkaa na unga. Tawakali alikuwa amekaa barazani, mikono mapajani, akikunja karatasi mbili alizokwisha kuzipaka nta.

"Wifi, maji yanaingia jikoni."

"Nayaona."

"Sasa?"

"Mimi mtu wa eda, wifi. Si niliambiwa nitulie?"

Somoe alimkata jicho. Kisha akainama mpaka bega likazama, akavuta. Gunia lilikuwa limevimba. Akavuta tena, likachomoka ghafla, likamwangusha chali. Maji yakaondoka kwa kishindo, na Tawakali akaziachia boti zake mbili zikaenda nayo.

"Mbili! Zinashindana!"

"Ipi imetangulia?" Somoe alijikuta akiuliza, bado amekaa majini. Kisha akajiona, akainuka, akakamua kanga. "Tundu nitaliacha," akasema bila kumtazama wifi yake. "Mlango siufungui. Siku hamsini na nane zilizobaki si nyingi."

Nje watoto walizifuata boti zao. Sauti zikafika barabarani, zikapinda kona, zikazimika. Tawakali aliweka sikio kwenye ukuta uliolowa, akabaki hapo, maana hapakuwa na pengine pa kwenda.