Chumvi Kwenye Goti la Chuma

Kisa hiki hamtakiamini, na hamtalaumiwa. Hata mjomba mtu, anayewaandikia haya, bado anajikuna kichwa.

Mpwa wake alifagia korido za maabara miaka sita, ndipo wakamwingiza chumba cha mashine, mwezi mmoja wa majaribio. Mashine yenyewe ni bomba refu kuliko lori. Inafyatua ayoni, yaani vichembe vyenye umeme, kwa mbio ambazo jicho halizioni. Vikigonga chuma, chuma chenyewe kinajitaja: nina hiki, nina kile. Vikimiminwa kwa wingi vinajichimbia humo, chuma kinakomaa. Ndivyo wanavyokomaza magoti ya bandia.

Kazi ya mpwa ilikuwa kuosha vipande vya goti kabla ya kupimwa. Siku ya mwisho ya majaribio, skrini ikaonyesha chumvi.

"Dada, hiki umekililia?" mkuu wa mashine akauliza. "Saa kumi nataka kisafi. La sivyo, ufagio wako bado upo pale pale."

Akaosha kwa spiriti. Chumvi. Akarudia, akisugua hasa. Chumvi ikazidi! Akabadilisha spiriti, akabadilisha beseni, akainusa hata meza. Wapi! Akajaribu kipande kisichooshwa kabisa, moja kwa moja kutoka pakiti: hakina kitu. Hapo akakaa kitako. Yaani kuosha ndiko kunakochafua? Basi miaka sita yote ile alikuwa anafanya nini kwenye zile korido?

Joto limemzidi, akavua glavu, akazigeuza ndani nje azivae tena, kama alivyozoea tangu enzi za ufagio, ili jozi moja ifanye kazi ya mbili. Vidole vikateleza. Akavitazama. Akalamba kimoja.

"Mkuu! Ni jasho langu!"

Glavu mpya, kipande kipya. Saa kumi kasoro dakika tano: safi.

"Kesho uje," mkuu akasema, akicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Na ufagio mwachie mwingine."

Na nani alimfundisha kugeuza glavu? Mjomba wake, anakiri. Ndiyo maana mkuu mwenyewe alimpigia mjomba simu, akimwita "Profesa", akamsihi aje aiwashe mashine kwa mkono wake, naye akaiwasha, taa za mtaa mzima zika...

"Mjomba, simu yako si mbovu tangu mwaka juzi?" mpwa akauliza, akichungulia maandishi begani pake.