Ng'ombe Asiyeingia Pangoni

Baba yangu alipouza ng'ombe wake wa mwisho, aliingia chumbani, akajilaza, akageukia ukutani. Miguu yake ilikuwa imegoma, na kufuata ng'ombe kwenye mabonde ya huku Bugomora si kazi ya mtu anayetembea kwa kushika kuta. Kaka zangu walisema kwenye simu, "Mzee apumzike sasa." Wao wako mbali, kwao kusema ni rahisi. Mimi ndiye niliyebaki na huyo mpumzikaji.

Alipumzika mpaka nikaogopa. Uji anarudisha, ndizi anarudisha. Msimu wa senene ukafika, nikamkaangia sahani nzima, akasema nimpe paka. Mtu wa Kagera akikataa senene, ujue hali ni mbaya. Siku moja nikiwa nafagia chumbani kwake akaniambia, bila kugeuka, "Noeli hii mtakula wenyewe." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeaga kwenda gulioni. Nilitoka na ufagio wangu nikaenda kulia nyuma ya jiko.

Mimi si mtu wa kulia muda mrefu. Nina migomba, nina kahawa, na nina mdomo. Wiki hiyo hiyo katekista wa kigango chetu akaja kulalamika kwamba ng'ombe wa pango la Noeli ameliwa na mchwa. Alikuwa wa maboksi, amekaa stoo mwaka mzima. Mchwa walimla yeye wakamwacha Yosefu, sijui kwa nini. Akaniomba mimi, kiongozi wa akina mama, nitafute ng'ombe mwingine. Nikamwambia hilo ni dogo. Nimekua na ng'ombe, nimekunywa maziwa yao, nimekanyaga mavi yao, nitashindwaje kuwafinyanga?

Nikachota udongo wa mfinyanzi bondeni, nikakaa mlangoni pa chumba cha baba ili nimwangalie huku nafanya kazi. Nilifinyanga asubuhi nzima. Udongo unatuliza moyo jamani, hilo niligundua hapo hapo: mikono ikipata kazi, kichwa kinanyamaza. Nilipomaliza nikamweka ng'ombe wangu juu ya kigoda, nikamtazama, nikaridhika.

Nikasikia kitanda kinalia. Baba alikuwa amegeuka.

"Hiki ni nini?"

"Ng'ombe, baba."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa kanisani."

Akatazama tena. "Mbwa huyu anaumwa nini?"

Nilitaka kukasirika, lakini mzee alikuwa ameshaweka miguu chini. Akajivuta kwa kushika ukuta mpaka kwenye kigoda, akampiga mnyama wangu ngumi moja, mnyama akarudi kuwa udongo. Kisha akaniagiza maji.

Kuanzia hapo nyumba ikawa yake. Leta fito. Leta nyasi kavu. Ongeza udongo, huu hautoshi hata kwa mbuzi. Nikamwambia anayetakiwa ni ng'ombe mdogo wa pangoni, akanijibu kwamba ng'ombe mdogo hufugwa na mtu mchoyo. Mnyama akaota mgongo, akaota nundu, akaota kiwele. Baba akampaka udongo mwekundu mpaka akafikia rangi ya bihogo, ile ya kahawia iliyokolea, ambayo ndiyo hasa rangi ya ng'ombe tuliyemuuza. Nilielewa.

Halafu zikaja pembe. Ninyi mnaojua ng'ombe wetu wa asili mnajua pembe zao zilivyo ndefu. Asubuhi moja namtafuta baba simwoni, kumbe yuko nyuma ya nyumba na panga, amekata matawi mawili ya mti wangu wa kahawa uliokuwa unazaa vizuri.

"Baba, hiyo ni kahawa!"

"Yamejikunja vizuri," akasema.

Na kweli yalikuwa yamejikunja vizuri. Nilikuwa bado nafoka ndipo nikashtuka: mtu aliyekuwa hafiki chooni bila kushikwa, amefikaje shambani? Nikambebea matawi yake. Pembe alizisugua kwa mafuta yangu ya kujipaka, kopo zima, maana samli ya kuzing'arisha tungeitoa wapi tena. Mwezi huo nilipauka mpaka watu wakaniuliza kama naumwa.

Wazee wetu walikuja nchi hii kutoka Rwanda wakiswaga ng'ombe, na kwao ng'ombe husifiwa kwa maneno matamu kama bibi harusi. Baba alimsifu yule wa udongo kwa lugha ya kwao tangu asubuhi mpaka jioni, uzuri wa macho yake, mwendo wake akiteremka kunywa maji. Mimi binti yake niliyempikia miaka yote hajawahi kunisifu hata chumvi kwenye mchuzi. Lakini uji alikuwa anakunywa, tena akiwa na matope mikononi, na mimi nilifurahi, nasema waziwazi.

Katekista akaja kumchukua ng'ombe wake. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sogea, unaziba mwanga."

"Mzee, Yosefu wetu anamfikia huyu gotini."

"Basi tafuteni Yosefu mrefu."

"Na hizi pembe zitamtoboa Mtoto Yesu."

"Ng'ombe aliyelelewa vizuri hatoboi mtoto," baba akasema. "Wewe kata pango."

Wakakata pango. Lilikuwa la mifuko ya saruji iliyopakwa masizi, wakalitoboa huku na huku, pembe zikatokeza nje pande zote mbili. Mamajusi walikosa nafasi kabisa, wakasimama pembeni karibu na ngoma za kwaya. Siku ya Noeli tulimpeleka baba kwa bodaboda, akaketi mbele. Baada ya ibada watu walimpigia Mtoto goti la haraka, kisha wakahamia kwa ng'ombe. Wanaume wakabishana kuhusu kiwele chake. Mmoja akauliza ni wa uzao gani, na baba akamjibu kuanzia bibi yake ng'ombe huyo.

Nyumbani akala sahani mbili za ndizi na nyama. Nikashindwa kujizuia. "Si ulisema tutakula wenyewe?"

"Nyamaza," akasema. "Ongeza mchuzi."

Pango lilipobomolewa, katekista alitaka kumweka ng'ombe stoo. Baba akakataa katakata, ng'ombe halali stoo. Basi nikamleta mimi kwa bodaboda, nimemkumbatia ndani ya kanga, pembe zimeziba barabara, na wenye baiskeli wanaruka mitaroni. Tukamweka zizini, lile lililokuwa tupu. Hakuchomwa motoni, ni udongo mbichi, kwa hiyo mvua ikinyesha atayeyuka. Nilidhani hilo ni tatizo. Lakini wingu likitanda tu, baba anaamka, anachukua fimbo, anaenda kumfunika turubai. Jua likitoka anaenda kumfunua. Nikijitolea kumsaidia ananiambia sijui ng'ombe.

Masika yalipoanza nilimkuta zizini na beseni, anaongeza udongo tumboni kwa yule mnyama.

"Baba, unamnenepesha?"

"Ana mimba."

"Ng'ombe wa udongo? Na dume yuko wapi?"

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Na yule tuliyemuuza, dume lake uliwahi kuliona? Si alikuwa anakuja mtu wa mifugo na pikipiki kumpandikiza mbegu?"

Nikamuuliza atazaa lini.

"Ng'ombe anabeba miezi tisa. Umekulia kwenye zizi gani wewe?" Akanisogezea beseni tupu. "Lete udongo. Wa ndama ninautaka laini."

Nikahesabu kwa vidole pale pale zizini, mwezi kwa mwezi, mpaka nikafika Noeli. Nikachukua beseni nikateremka bondeni.