Usingizi Uliotaka Kuwa Sayari

Don Hermógenes Araya, mfagizi wa kituo cha darubini kule juu ya bonde la Elqui, alikuwa na kasoro moja tu: kukoroma. Kwingine kukoroma ni shauri la mke na mume. Mlimani pale wataalamu wa nyota hukesha usiku na kulala mchana, kwa hiyo mtu akikoroma baada ya chakula anaharibu kazi ya mataifa. Walishamtimua vyumba vya kulala, wakamtimua stoo, mwisho wakamtimua hata kwenye gari la taka.

Ndipo akakigundua chumba cha chombo. Kiko chini ya darubini, kuta zake nene, baridi yake haibadiliki, na ndani mna mtambo unaopokea mwanga wa nyota na kuupima. Sauti haitoki humo. Kila Jumapili, akishashiba empanada za mpishi, Doña Uberlinda, zile sambusa za kuoka zenye nyama, vitunguu na kipande cha yai, Don Herme alijifungia mle na blanketi lake, akalala fofofo mpaka jioni. Hakuna aliyejua. Wiki nzima aliisukuma kwa ajili ya usingizi huo.

Mwaka huo Dokta Ignacia Barahona alikuwa akiithibitisha sayari ndogo. Setilaiti ilishaona nyota fulani ikififia kidogo kila baada ya siku kumi na moja, kana kwamba kuna kitu kinapita mbele yake. Ilibaki kukipima uzito. Sayari ikizunguka huivuta nyota yake, nyota ikayumba, na kwa kuyumba huko unajua kama ni jiwe au ni puto la gesi. Kweli nyota iliyumba. Ila iliyumba kila siku saba.

"Ni sayari ya pili hiyo," Dokta alisema Jumapili moja mezani, macho mekundu kwa kukesha. "Nzito. Na haikosi Jumapili."

"Basi inamcha Mungu kuliko Herme," Doña Uberlinda akasema, akimwongezea Herme empanada ya tatu.

"Wenzangu wanabisha," Dokta akaendelea. "Wanasema ni joto. Chumba kikipata joto dogo tu mchana, mtambo unadanganya usiku kucha. Nimewaambia hakuna kiumbe anayeingia mle. Kesho natangaza."

Don Herme akairudisha empanada sahanini. Akinyamaza, usingizi wake uko salama, na huyu binti anayemletea chai kila asubuhi atachekwa dunia nzima.

"Mwanangu," akasema, "kiumbe yupo."

Akaeleza yote, mpaka rangi ya blanketi. Dokta hakucheka wala hakufoka.

"Maneno si kipimo, Don Herme. Alhamisi utalala mle tena. Nyota ikiyumba Alhamisi, basi ni wewe."

Alhamisi ilipofika akaingia na blanketi, akajilaza, akahesabu kondoo wa bonde zima. Wapi. Akatoka.

"Tumekula dengu," akalalamika. "Kwa dengu mimi silali."

Dokta akamgeukia mpishi.

"Empanada siku ya Alhamisi?" Doña Uberlinda akasema. "Mnataka nionekane mpagani." Lakini akakanda unga huku akinung'unika, na Don Herme akakoroma mle ndani kwa faida ya sayansi.

Asubuhi yake Dokta aliingia jikoni na karatasi. "Imeyumba. Don Herme, una uzito wa Dunia tisa."

"Nimemwambia siku nyingi apunguze mkate," akasema Doña Uberlinda.

Dokta akaziondoa Jumapili zote kwenye hesabu. Nyota ikatulia, na chini ya fujo ile kukabaki mtikisiko mdogo, mwororo, wa siku kumi na moja. Ilikuwa ile sayari ya kwanza: jiwe tupu, kubwa kuliko Dunia kidogo tu. Ikathibitishwa.

Mlango ukawekewa kufuli. Don Herme akapewa kontena tupu chini kabisa ya mteremko, ingawa Doña Uberlinda anaapa bado anamsikia. Tangazo lilipotoka, mwishoni mlikuwa na shukrani kwa Don Hermógenes Araya, kwa kukubali kutolala. Mpishi akalibandika juu ya tanuri. Jumapili hiyo Don Herme aliomba nakala yake, akaenda nayo kontenani kuisoma kwa utulivu, akapitiwa na usingizi kabla hajalifikia jina lake.