Kadi za Maneno za Winifred

Clement Thurlby aliendesha trekta za watu huku kwetu Lincolnshire miaka arobaini. Mkewe, Winifred, alifundisha shule ya kijiji, na alipenda kumtania: "Mume wangu anajua matope tu. Vitabu vinamkimbia." Clement alikuwa akicheka kuliko sisi wote.

Februari ile Winifred akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakapotea. Nesi Joyce akaleta kadi zenye picha na maneno. Alimwambia Clement wafanye "rehearse" kila siku, yaani warudie na kurudia.

Neno hilo Clement alilijua kwa waigizaji tu. Akafungua kamusi ya mkewe, kisha akaja kugonga mlango wangu, kamusi kwapani.

"Phyllis, hebu soma hapa! Neno lenyewe limetoka kwa wakulima wa Ufaransa wa zamani. Ni kupiga haro shamba mara ya pili, kuburuta yale meno ya chuma. Unapita, unarudi, mpaka mabonge ya udongo yavunjike. Sasa kazi hiyo nani ananizidi?"

Sikuwahi kumwona na matumaini kiasi kile.

Kila asubuhi nilimsikia kupitia ukuta wa nyumba zetu zilizoungana. "Chai, Win. Sema chai." Mei Winifred akasema "chai," mara moja, kwa shida. Clement akanijia mbio na soksi tu miguuni, analia.

Juni kiharusi kikarudi, kikalichukua hata hilo neno moja.

Clement hakuacha. Asubuhi, mchana, jioni. Winifred alikuwa akigeuza uso, machozi yakimtoka.

"Clem, mwache apumzike," nilimwambia.

"Bado kidogo, Phyllis. Bado kidogo tu."

Siku moja ya Agosti nilikuwa nimewapelekea supu. Clement akainua kadi. Winifred akanyanyua mkono wa kushoto, akamziba mdomo. Hakumpiga, aliuweka tu. Clement akajaribu kusema chini ya kile kiganja, halafu akanyamaza. Mkono haukuondoka mpaka kadi iliposhuka.

Mlangoni akaniambia, "Kumbe nilikuwa namuumiza siku zote hizo."



Kadi akamrudishia nesi. Wakawa wanakaa dirishani bega kwa bega, hakuna anayesema, mpaka Winifred alipofariki Novemba. Kanisani mchungaji alimwomba Clement aseme machache. Akatikisa kichwa, akabaki ameketi.